Gari Linalompima Dereva Wake

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia mahali ambapo hatukupawazia kabisa tulipokuwa chuo cha uuguzi, yaani katika mchezo wa mbio za magari unaochezwa kwenye runinga. Watoto huuita gemu. Kila likizo wazazi hutuuliza kama michezo hii inadhuru. Jibu letu ni kwamba mtoto mwingi hadhuriki kwa kucheza kiasi, lakini yuko mtoto mmoja mmoja anayeweza kupatwa na jambo kubwa akiwa mbele ya kioo, na ni heri nyumba nzima ijue la kufanya.

Tuchukue mchezo mmoja uwe mfano wetu. Unaitwa Gran Turismo Concept. Ulitengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Polyphony Digital kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2, ukatoka Japani mwanzoni mwa mwaka 2002. Toleo la Ulaya lilifuata mwaka huo huo. Mashine mpya zimekuja baada ya hiyo, lakini mwili wa mtoto anayecheza ni ule ule.

Mchezo huo ulijaa magari ya maonyesho. Hayo ni magari ambayo kiwanda hutengeneza moja au machache tu, si kwa kuuza, bali kuwaonyesha watu wazo lake. Mengi ya mchezo huu yalitoka katika maonyesho ya magari ya Tokyo ya mwaka 2001. Mengine hayakuuzwa kamwe. Mengine yalikawia: wazo la Nissan GT-R lililoonyeshwa mwaka ule lilifika sokoni mwaka 2007, tena kwa umbo jingine. Kwa hiyo mtoto aliyeshika pedi aliendesha gari ambalo baba yake asingeweza kulinunua hata kama angekuwa na fedha. Twaelewa kwa nini hakusikia alipoitwa kula.

Kati ya magari hayo lilikuwamo moja dogo lililotuvutia sisi wauguzi. Liliitwa Pod, nalo lilibuniwa na Toyota kwa kushirikiana na Sony. Taa zake za mbele zilibadilika rangi kama uso wa mtu mwenye furaha, hasira au huzuni, na nyuma lilikuwa na kijiti kilichotikisika mithili ya mkia wa mbwa. Hayo ni ya kuchekesha. Lakini lilibuniwa pia kupima mapigo ya moyo na jasho la dereva, na likiona ameanza kuchemka, limtulize, hata kwa muziki. Basi twajiuliza: katika mchezo lipo gari la kumwangalia dereva, je, yule mtoto aliyeketi mkekani anaangaliwa na nani?

Mshikeni mkono siku moja akiwa katikati ya mbio. Mapigo ya moyo wake yatakuwa yamepanda na viganja vimelowa jasho, ingawa hajasogea hata hatua moja. Mwili umejiandaa kukimbia, lakini miguu imekunjwa. Hilo peke yake si ugonjwa, hutulia baada ya muda mfupi. Ubaya ni kumpeleka kitandani hapo hapo, maana usingizi hautakuja upesi.

Macho nayo hufanya kazi ya ziada. Mtu anayekazia kioo macho husahau kupepesa, na jicho lisilopepeswa hukauka, huwasha na kuwa jekundu. Kila dakika 20 aangalie mbali, mita 6 au zaidi, kwa muda kidogo. Akacheze nje pia kila siku, kwani mwanga wa mchana husaidia kuyalinda macho ya watoto yasianze kushindwa kuona mbali.

Wapo watoto ambao wakicheza mbio za magari hupatwa na kichefuchefu, kichwa kikauma, wakatapika. Mama mmoja alidhani ni malaria. Sababu ni kwamba macho yanaambia ubongo, "Tunakwenda kasi, tunakata kona," lakini ndani ya sikio kuna kiungo cha kupima mwendo wa mwili, nacho kinasema, "Hatujaondoka hapa." Ubongo hauelewi umsadiki nani. Aache kucheza, apate hewa, anywe maji. Akiwa na homa, hapo msilaumu gemu: mleteni apimwe.

Jambo jingine ni la barabarani. Katika mchezo huo gari likigonga ukuta hurudi nyuma kidogo na kuendelea na mbio bila kubonyea. Wanaotufikia wodi ya mifupa hawakuendelea na mbio. Waelezeni vijana kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili bali mara nne. Kijana anayejifunza hesabu ataelewa.

Sasa tufike kwa yule mtoto mmoja mmoja tuliyemtaja mwanzoni. Tulimpokea mvulana wa miaka kumi na miwili hivi. Kaka yake alikuwa amefunga madirisha na kuzima taa ili chumba kiwe kama sinema, nao walikuwa wamekesha wakicheza. Mama alipoingia alimkuta mtoto chini, amekakamaa, anarusha mikono na miguu, povu mdomoni. Jirani mmoja alikimbia akisema ni shetani na tena povu linaambukiza. Mwingine alimtia kijiko kinywani kwa nguvu. Kifafa kile kilipita chenyewe kabla hawajafika kwetu. Lililobaki la kutibu lilikuwa jino lililovunjwa na kijiko.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo. Kwa baadhi ya watu, mwanga unaowaka na kuzimika upesi, mara nyingi kwa sekunde moja, huvuruga umeme huo na kuleta kifafa. Japani iliona jambo hili tarehe 16 Desemba 1997, filamu ya katuni ya Pokémon ilipoonyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana takribani mara 12 kila sekunde. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini, na wengi wao hawakuwahi kupata kifafa kabla ya siku ile. Mwaka uliofuata watangazaji wa Japani waliweka miongozo ya kuzuia picha za namna hiyo.

Msiogope kupita kiasi. Kati ya watu 100 wenye kifafa, wanaosumbuliwa na mwanga ni watatu hadi watano tu. Kwa hiyo msimzuie kila mtoto mwenye kifafa kucheza na wenzake, bali muulizeni kwanza daktari wake. Kwa watoto wote, taa ya chumba iwake, akae mita 2 na nusu au zaidi kutoka kwenye runinga, na asicheze akiwa hajalala wala hajala. Kioo kikianza kumulikamulika naye akajisikia vibaya, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, maana mwanga hupita kwenye kope.

Akianguka, tazameni saa. Ondoeni meza na vitu vigumu, wekeni nguo laini chini ya kichwa, legezeni kola. Msimkandamize mikono wala miguu. Msitie kitu chochote kinywani, iwe kijiko, maji au dawa. Povu ni mate tu, haliambukizi. Mtikiso ukiisha mlazeni kwa ubavu na kaeni naye mpaka azinduke vizuri. Ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, au akipumua kwa shida, mleteni mbio. Kama ni mara yake ya kwanza, mleteni hata kama amekwisha kuamka na anaomba uji.

Dawa za kifafa zipo, nazo huwasaidia wengi, ila zisiachwe ghafla kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Mkija, aje yule aliyeona kwa macho yake, hata akiwa ni mdogo wake wa miaka sita. Tutamwuliza mtikiso ulianza upande upi, ulichukua dakika ngapi, na runinga ilikuwa inaonyesha nini.