Michembe, Ngitili na Bumu: Somo la Kuvuka Msimu Mgumu

Wanachuo wenzangu, nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huku kwetu Nassa, wilaya ya Busega, nilipewa kipindi cha jinsi binadamu alivyokabiliana na mazingira. Nikachukua mfano wa mbali: nyanda za nyasi za Amerika Kaskazini, ambako majira ya baridi joto hushuka hata chini ya nyuzi 30 hasi. Wenyeji kama Wakrii na Walakota walikausha nyama ya baisani, wakaitwanga na kuichanganya na mafuta, ikakaa miezi mingi bila kuoza. Walowezi waliofika karne ya 19 walikuta hakuna miti, wakajenga nyumba kwa mabonge ya udongo wenye nyasi na kuwasha moto kwa kinyesi kikavu.

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kumbe na wao walikuwa na michembe?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lilikuwa bora kuliko andalio langu lote la somo.

Msimu wetu mgumu

Sisi hatuna theluji, tuna kiangazi. Mvua hukata kama mwezi wa tano, na hadi mwezi wa kumi nyasi zimekauka na ng'ombe wamekonda. Njaa yenyewe mara nyingi hubisha hodi baadaye, mvua zikiwa zimeanza, shamba bado bichi na akiba imeisha. Wasukuma walijipanga hivi:

*Chakula.* Viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa, ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, ni matobolwa. Mtama na uwele, vinavyostahimili ukame, vilijazwa kwenye kihenge. Sisi wa ziwani tuliongeza samaki wa kukausha.

*Malisho.* Ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea. Ni kihenge cha ng'ombe. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu, na ngitili nyingi zikaachwa. Mwaka 1986 mradi wa HASHI ulianza kuzifufua mkoani Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu. Baadaye ilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 zimehifadhiwa.

*Moto.* Palipokosekana kuni, watu walipikia miti ya pamba iliyokauka na kinyesi cha ng'ombe, sawasawa na wale walowezi.

*Watu.* Aliyeishiwa alikwenda kuhemea kwa ndugu wa mbali. Aliyepewa leo alijua kesho ni zamu yake kutoa.

Tulipokosea

Mwaka mmoja nyumbani tuliuza mpunga wote mwezi wa sita. Wanunuzi walikuja na fedha taslimu, ada ilikuwa inadaiwa, tukaona tumepata. Mwezi wa kwanza tukanunua mahindi kwa bei ya kuumiza, gunia likawa debe, debe likawa kilo. Mdogo wangu alikaa wiki mbili bila kwenda shule kwa sababu ya njaa. Kilichotuvusha ni michembe ya bibi, ileile tuliyokuwa tunaificha wageni wakija, tukiiona chakula cha kimaskini.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msimu mgumu hushindwa kabla haujafika. Baisani aliwindwa mapema, na ngitili hufungwa wakati nyasi ni tele na hakuna anayeona sababu ya kuifunga. Ugumu wa jambo hili ni kujinyima wakati wa neema.

Na sisi tusijifanye wajanja. Bumu likiingia tunakula chipsi kuku wiki nzima, wiki ya nne tunazunguka vyumba vya watu na sahani mkononi. Hiyo nayo ni kuhemea, jamani, tofauti ni kwamba wazee wetu walikuwa wameanika kwanza.

Kwa walimu watarajiwa, nawaachia zoezi: ukipangiwa kituo chako cha kwanza, kabla ya kufundisha mazingira, waulize wanafunzi bibi zao wanaanika nini, na lini. Andika majibu ubaoni, kisha anza somo.