Chagua Kazi Ngumu

Mtu akitaka nguvu zake ziongezeke, sharti ajitwike mzigo mzito kuliko ule aliouzoea. Mfano mwema ni Naftali Temu, mwana wa nchi ya Wagusii, upande wa Nyamira. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 19, alikwenda Tokyo kushindana katika marathoni, mbio za kilomita 42, akawa wa 49. Wengi wangaliona haya na kuacha. Yeye hakuacha. Mwaka 1966, huko Kingston, Jamaika, alimshinda Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia, katika mbio za maili 6. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika Jiji la Mexico, mahali pa juu penye hewa nyepesi, alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia karibu na mwisho wa mbio za mita 10,000, akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Basi, ndugu msomaji, jiulize: ni kazi gani ninayoikwepa kwa sababu ni ngumu? Ianze hiyo kesho asubuhi, kidogo kidogo, wala usikate tamaa ukishindwa mara ya kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.