SOMO: Diploma inasafiri, dosiye inabaki nyuma



Somo hili linahusu akina mama waliosomea ualimu au uuguzi na wanaofika Kindu kwa sababu waume wao ni askari waliohamishwa. Linawahusu pia waliokimbia vita, kwa maana shida yao inafanana.

1. Shida iko wapi?

Askari akipata amri ya kuhama, siku za kujitayarisha huwa chache. Mama anafunga vyombo, anashika watoto, na darasa lake au wagonjwa wake anawaacha. Akifika hapa, mwalimu mwenye diploma anauza mikate mbele ya kambi. Mshahara wa mume ukichelewa, watoto wanalala njaa. Na njaa ya kambini haibaki kambini. Inatoka kwenda kwenye mashamba na vizuizi vya barabarani, na raia ndiye anayelipa. Ndiyo sababu kazi ya mke wa askari ni jambo la amani.

2. Sheria inasema nini?

Nchini Marekani kila jimbo linatoa kibali chake cha kufundisha au kuuguza. Wake wa askari walihangaika miaka mingi kwa kuanza upya kila walipohamishwa. Januari 2023 sheria ya nchi nzima iliruhusu, kwa masharti, kibali chao kitumike huko walikohamia, isipokuwa kwa kazi ya wanasheria.

Kwetu Kongo diploma ni ya nchi nzima, majimbo yote 26. Kifungu cha 30 cha Katiba ya 2006 kinampa Mkongomani haki ya kukaa popote nchini, na kifungu cha 36 kinasema kazi ni haki na wajibu. Tena, Sheria ya Jamaa ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufunga mkataba wa kazi. Mageuzi ya 2016 yaliondoa sharti hilo.

Basi kinachokwama si diploma, ni dosiye. Mwalimu wa Serikali anahesabiwa katika shule yake, na namba yake ya matrikule iko kwenye listi ya shule hiyo kule SECOPE, ambayo sasa inaitwa DINACOPE. Akiondoka kimya, anaonekana kama mtu aliyetoroka kazi. Muuguzi naye anapaswa kuandikwa katika Ordre des Infirmiers, chama cha kazi kilichoundwa kwa sheria ya 2016.

3. Kabla ya kuondoka

- Andika barua kwa mkuu wako wa kazi. Omba uhamisho, au kuachwa kwa muda (disponibilité). Baki na kopi yenye alama ya kupokelewa.
- Omba karatasi inayoonyesha kazi uliyofanya na miaka yake.
- Piga picha ya kila karatasi kwa simu, umtumie ndugu anayeishi mji mwingine.
- Shika kwa kichwa namba ya matrikule, mwaka wa diploma, jina la shule na asilimia uliyopata.

Goma ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu Februari 2025, wako waliotoka na nguo za mwilini tu. Aliyeshika namba zake kwa kichwa ana mahali pa kuanzia.

4. Ukifika Kindu

Jitambulishe kwa shefu wa kartie, kisha kwenye komine yako: Kasuku, Mikelenge au Alunguli. Ikiwa karatasi zilipotea, tangaza huko mapema upewe cheti cha upotevu. Mwalimu aende ofisi ya PROVED, au kwa wasimamizi wa shule za Kikatoliki, Kiprotestanti, Kiislamu au Kikimbangu. Muuguzi aende ofisi ya zone ya afya, ya Kindu au ya Alunguli.

Nenda na dosiye, usiende na uniforme. Mume akiingia kwa mkuu wa shule na bunduki kumwombea mke wake kazi, mama atapata nafasi lakini hatapata wenzake. Hapa mjini wako walimu waliofundisha miaka bila kulipwa, wakingoja matrikule. Wakiona mgeni anapitishwa mbele yao kwa nguvu, chuki inaanza. Wala usinunue karatasi ya uongo: dawa ikitolewa na asiyejua, mtoto anakufa.

5. Kwa viongozi

- Kamanda, toa habari ya uhamisho mapema kadiri usalama unavyoruhusu, na andikisha kazi za akina mama wa kambi.
- Mkuu wa shule au wa kituo cha afya, bandika nafasi za kazi ukutani, ili mwenyeji na mgeni wazione siku moja.
- Shefu wa kartie, usiulize kwanza kabila. Uliza: «Mama, ulisomea nini?»

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika avenue yenu, ni nani ana diploma na hafanyi kazi yake? Ni karatasi gani inamkosa?
2. Mwenyeji aliyengoja matrikule na mama aliyehamishwa wanaomba nafasi moja. Tutaamuaje bila kuvunja haki ya mmoja wao?
3. Ukiambiwa uhame kesho asubuhi, karatasi zako ziko wapi usiku huu?