Mwache Ashike

Mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miezi 16, aliketi barazani mbele ya beseni la maji kidogo tu, hayafiki hata kifundo cha mguu. Nilimpa vikombe viwili vya plastiki. Kimoja kizima, kingine nilikitoboa tundu kwa msumari wa moto. Akachota kwa kile kizima, akamwaga, akachota tena. Alipokiinua kile cha pili, maji yakamchuruzikia pajani. Akaduwaa. Akakigeuza kikombe, akachungulia chini yake, akatia kidole kwenye tundu, kisha akarudi kuchota. Alikaa pale zaidi ya dakika 20, na huyu ni mtoto ambaye kwenye mkeka wa chakula hatulii hata dakika mbili.

Mchezo wa aina hii huitwa mchezo wa milango ya fahamu. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na 3 bado hana maneno ya kutosha, kwa hiyo anauliza kwa mikono, ulimi, pua na masikio. Shuleni tulifundishwa milango mitano. Kuna miwili mingine ambayo wengi hatukuisikia: sehemu ya ndani ya sikio inayompa mtu mizani asianguke, na misuli na viungo vinavyomjulisha mkono au mguu wake uko wapi bila kuutazama. Anayesimama dede leo na kesho anataka kusukuma dumu tupu ua zima yuko kwenye somo hilo. Mwache alisukume.

Kikwazo kikubwa, kwa ninavyoona, ni sisi wenyewe. Toka asubuhi mtoto anasikia “usishike”, “utachafuka”, “lete hapa”. Halafu tunampa simu ili atulie. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Ikiwa kidogo zaidi, ni bora zaidi. Sasa ukiondoa simu, lazima uweke kitu mahali pake.

Anza na kikapu. Elinor Goldschmied, mwalimu Mwingereza, alijulikana kwa kikapu cha vitu vya kawaida vya nyumbani anachowekewa mtoto anayeweza kuketi mwenyewe. Mtoto anachagua, mtu mzima anakaa karibu na kunyamaza. Hakupenda kukijaza vitu vya plastiki, na hoja yake ilikuwa nyepesi: plastiki zote zinafanana mkononi na mdomoni. Kwa nyumba za kwetu kikapu hicho hakina gharama. Tia kifuu kilichopigwa msasa hadi nyuzi zote zimetoka, upawa, mwiko mdogo, kipande cha dodoki, kijiko cha bati, kipande cha mkeka kilichopindwa kingo, kitambaa cha kanga kuukuu, na limau zima. Vitu vinane vinatosha. Wiki ijayo toa vitatu, weka vingine vitatu, naye atakiona kikapu kipya.

Pua tunaisahau kabisa, ilhali jikoni kwetu ndiko ilikojaa kazi. Funga mdalasini kwenye kitambaa chepesi, mchaichai kwenye kingine, na ganda la chungwa kwenye cha tatu, ukaze fundo vizuri. Mpe kimoja kimoja. Pilipili na mafuta makali ya kuchua visikaribie.

Kwa masikio, tengeneza kayamba: chukua chupa ndogo mbili, moja tia mchele, nyingine kokoto. Gundi kizibo, kisha zungushia utepe. Usifunge kwa mkono tu ukaridhika. Vidole vya miaka 2 vina subira kuliko unavyodhani.

Kisha kuna kufinyanga, na hapa huwa napata upinzani wa bibi. Chakula hakichezewi, atasema, na katika nyumba ambayo unga unapimwa kwa kibaba ana haki. Sibishani naye. Kuna udongo wa mfinyanzi, na kuna donge la ugali lililobaki sufuriani, ambalo hata hivyo lingekwenda kwa kuku. Donge hilo likipoa linafaa sana kwa mtoto ambaye bado anapeleka kila kitu mdomoni, kwa sababu limeshapikwa. Unga mbichi, uwe wa ngano au wa mahindi, unaweza kubeba vijidudu, na donge la unga lenye chumvi nyingi linaloonekana kwenye video ni hatari mtoto akilila. Liache hadi awe mkubwa na ameacha kula vitu ovyo. Ukitaka rangi, bizari ya manjano na maji ya choya vinatosha, ila mvue nguo kwanza. Bizari haitoki.

Maji yanahitaji kauli kali kidogo. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, na mara nyingi anazama kimyakimya, bila kelele wala kurusha maji. Kwa hiyo ukae umbali wa mkono wako kumfikia. Simu ikilia, usiiendee. Mlango ukibishwa, mbebe mtoto uende naye. Usimwachie dada yake wa miaka 6 akuangalizie. Maji yenyewe hayapotei: mchezo ukiisha, yanamwagilia mchicha.

Hatari ya pili ni vitu vidogo. Chukua ule mrija wa boksi ulio katikati ya karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Karanga, gololi, vifungo, betri bapa za saa na sumaku visiwepo kabisa. Betri bapa ikimezwa inaunguza koo ndani ya saa chache, basi ni kukimbilia hospitali, si kusubiri aitoe chooni. Mbegu za nyonyo, zile za madoadoa zinazovutia, zina sumu kali. Zisiingie kwenye kayamba wala kwenye kikapu. Jirani yangu alimwachia mwanawe bakuli la kunde achambue naye. Alipogeuka, moja iko puani. Akajaribu kuitoa kwa kibanio cha nywele, ikazama zaidi, na kwa unyevu ikaanza kuvimba. Kunde ikiingia puani usichokoe. Mpeleke kituo cha afya ikiwa vilevile ilivyo.

Mchanga na tope ni halali. Chagua mahali ambapo paka hawajisaidii, funika usiku, na mwishoni nawa mikono kwa sabuni, nyinyi wote wawili. Dawa za minyoo ambazo watoto hupewa kila miezi 6 kuanzia mwaka mmoja usizikose.

Yote hayo ni ya mikono. Yanayobaki ni ya mdomo wako, na hapa Kiswahili kimetupa mali ambayo sijui kwa nini tunaibania. Kifuu kikianguka majini, sema “chubwi!” Akilowa, “umelowa chapachapa”. Kikombe kikijaa, “kimejaa pomoni”. Nguo iliyoanikwa juani “imekauka kau”. Mkaa mweusi tii, unga mweupe pe, na nyumba usiku kimya jii. Mtoto anashika maneno ya namna hii haraka kwa kuwa yanasikika kama kitu chenyewe. Yule wa dada yangu alisema “chubwi” kabla hajasema “maji”. Ila usihubiri. Neno moja kwa tendo moja, kisha nyamaza ukamwangalie.

Wapo watoto wanaovuta mkono wakigusa kitu kinachonata. Usimshike kwa nguvu ukamtumbukize. Mpe kijiti au kijiko achokonoe, mpakate, anza kuchezea wewe. Wengine huchukua wiki mbili kabla ya kutia kidole kimoja. Lakini ukiona anakwepa karibu kila kitu, chakula, nguo na sauti za kawaida, au ametimiza mwaka na haitiki akiitwa jina, au ana miezi 18 na haonyeshi kitu kwa kidole, mtaje kwa mhudumu kliniki. Usingoje aambiwe ana aibu kama babu yake.

Muda? Dakika 10 zatosha, ukiziongeza pale anapotaka mwenyewe. Akianza kurusha vikombe ujue amechoka. Mimi humtangazia kabla, “tunamwaga maji”, nikampa kikombe abebe yeye, kile chenye tundu, mpaka kwenye tuta la mchicha. Anafika kikiwa kitupu, anakitazama, anarudi kuchota. Mara ya tatu ndipo beseni lenyewe linakwisha. Hapohapo nalifudikiza chini, maana beseni lililosimama wima uani, hata lenye maji ya mvua tu, silipendi.