Magazeti ya Marehemu Baba Yasiende kwa Fundi wa Laminesheni

*Mjomba, baba yetu alikuwa baharia, alifariki mwaka jana hapa Tanga. Kwenye sanduku lake la bati tumekuta magazeti ya katuni tele: Sani za zamani, Film, Joe ya Nairobi, na moja la Kimarekani ambalo Superman amenyanyua gari. Baadhi yameota ukungu na pini zimeshika kutu. Kaka anataka tuyapige laminesheni yote. Jirani ameona kwenye simu kwamba hilo la Superman ni mamilioni ya dola, naye yuko tayari kutupa laki tano leo leo. Mama anasema tuyachome, vumbi litamletea pumu. Tufanyeje? – Binti wa Baharia, Tanga*

Mpwa wangu, poleni na msiba.

Nianze na jirani, maana ndiye mwenye haraka. Alichokiona kwenye simu ni kweli. Nakala ya Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ile ambayo Superman alitokea kwa mara ya kwanza, iliuzwa Marekani Aprili 2024 kwa dola milioni 6. Lakini jalada lile limechapwa upya mara nyingi mno. Chukua rula. La asili lina upana wa kama sentimita 19 na urefu wa kama 26. Lenu likikaribia 25 kwa 34, ni chapa ya 1974, iliyotolewa kubwa makusudi ikiwa na jalada la ziada la nje linaloitambulisha kuwa ni toleo jipya. Wajanja walikuwa wanalichana lile la nje, kinachobaki wanakiuza kama cha 1938. Zipo pia chapa za baadaye zenye saizi ya kawaida, kwa hiyo vipimo vikikubali bado usipige vigelegele. Fungua ndani usome maandishi madogo ya mchapishaji na matangazo ya biashara, uone kama kuna mwaka au bidhaa ambayo 1938 haikuwapo. Mimi ningebashiri lenu ni la 1974. Mwambie jirani asubiri, kwa faida yake mwenyewe. Likija kugundulika ni chapa ya baadaye, laki tano ataidai mlangoni kwenu.

Macho yangu mimi yako kwenye zile Sani. Kule Marekani kuna watu walioanza zamani kutunza katuni kwenye mifuko na makabati, tena wananunua mbili, moja ya kusoma na moja ya kuweka. Huku kwetu gazeti la katuni lilisomwa na nyumba nzima, likaazimwa mtaa wa pili, likarudi bila jalada, mwisho likafungiwa karanga. Aliyebakiza rundo zima ana kitu adimu hata kama hakuna mnada unaolitaja.

Sani ilianza Dar es Salaam mwaka 1984, na jina lenyewe limetokana na waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Wahusika Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe ni kazi ya mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki 1986. Wahusika wake hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine walishika kalamu wakaendelea nao. Ndiyo maana namba ya toleo na tarehe ni muhimu kuliko unavyodhani. Weka matoleo mawili sambamba, mhusika yule yule, halafu tazama vidole, mikunjo ya nguo na mwandiko wa maneno wanayosema. Utaona mkono umebadilika. Kisha tafuta saini kwenye kona za visanduku.

Hizo Film nazo zitenganishe. Zikiwa na jamaa wa kofia na tai ya kipepeo anayepambana na majambazi, huyo ni Lance Spearman, na gazeti ni African Film la kampuni ya Drum. Film Tanzania ni jingine, la Faraji Katalambula, yule yule aliyeandika Simu ya Kifo. Yote mawili yanasimulia kwa picha za kamera, si za kuchora. Joe haina taabu: Hilary Ng'weno na Terry Hirst waliianzisha 1973, na ilipofika 1979 ilikuwa imekufa.

Sasa kaka yako. Laminesheni ni joto na gundi, na haibanduki tena. Karatasi ya magazeti imetengenezwa kwa mbao na ina asidi ndani yake. Ukiifungia kwenye plastiki, itaendelea kujila humo humo huku mkiitazama. Selotepu nayo marufuku, na msijaribu kung'oa pini zenye kutu, mtachana mgongo wa gazeti. Fanyeni machache. Uharibifu mwingi ninaoletewa umefanywa na mtu aliyekuwa anasaidia.

Ukungu uondoeni nje ya nyumba, mbali na mama, mkiwa mmevaa barakoa. Kwanza gazeti likauke kivulini penye upepo, juani wino unapauka. Likikauka, pangusa taratibu kwa brashi laini, usiguse kwa kitambaa chenye maji. Yenye wadudu funga vizuri kwenye mfuko wa plastiki, uweke kwenye friza ya baridi kali, nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Ukitoa usifungue mpaka kesho yake, ili jasho la baridi libaki nje ya mfuko. Dawa ya mbu ya kupuliza huacha mafuta, usithubutu kuitumia.

Makava laini ya steshenari yanayonuka kama mpira mpya ni sumu kwa wino. Nunua rimu ya karatasi za A3 iliyoandikwa kwamba haina asidi, kunja kila moja katikati, gazeti linaloenea humo likae ndani kama faili. Sanduku la baba linafaa tu, mradi halina kutu ndani: mchwa na panya hawalitoboi. Liinueni juu ya matofali, mbali na ukuta wa nje, magazeti yalale chali, na mwangalie kila baada ya mvua.

Mkija kuuza, msikubali mtu achague manne mazuri aondoke nayo. Rundo lenye mfululizo wa namba lina maana kwa mtafiti au maktaba, mabaki hayana. Na kama baba aliandika pembeni majina ya walioyaazima, msiyafute. Maelezo yenu wenyewe yaandikeni kwa penseli kwenye ile A3, kabla gazeti halijaingia ndani.