MINYORORO YA KATAPILA: KIPI KICHOMELEWE, KIPI KISICHOMELEWE

Chama cha msingi kinapomiliki katapila la kuchimba malambo na kufungua barabara za mashambani, gharama kubwa haimo katika injini peke yake. Mara nyingi karibu nusu ya fedha za matengenezo huishia sehemu za chini: minyororo, viatu vyake, rola zinazobeba uzito, na gurudumu la meno linalouvuta mnyororo. Udongo wa miteremko ya Mlima Meru una majivu na changarawe za volkano, chembe ngumu zenye kingo kali. Zikichanganyika na maji hukisugua chuma kama msasa.

Mwanachama apitaye Sakina, katika barabara iendayo Namanga, akiona mafundi wakichomelea mageti na matela, aweza kudhani kuwa chuma chochote kilicholika hujazwa vivyo hivyo. Sivyo.

Sehemu ifaayo zaidi kuchomelewa ni meno ya viatu vya mnyororo. Jino likiwa fupi, ufito mpya wa chuma kinachofaa huchomelewa juu yake, na kiatu hurudisha uwezo wa kushika ardhi. Kwanza kiatu kisafishwe hadi chuma cheupe, kisha kipashwe moto. Vijiti vya kuchomelea viwe vya haidrojeni kidogo, vilivyokaushwa vizuri. Kijiti chenye unyevu hutia haidrojeni katika mshono, na chuma kigumu chaweza kupasuka saa nyingi baada ya fundi kwenda zake. Kazi ikiisha, kiatu kifunikwe kwa majivu makavu kipoe polepole. Kisimwagiwe maji kamwe.

Rola nazo zaweza kujazwa, lakini zifunguliwe kwanza. Ndani yake mna oili na sili, na joto huziharibu. Baada ya kujazwa huchongwa kwa mashine hadi kipimo chake.

Pini na bushi ni jambo jingine. Hizo hulika kwa ndani, na mnyororo hurefuka. Kuchomelea kwa nje hakuponyi ugonjwa wa ndani. Dawa yake ni kuzigeuza nusu mzunguko mapema, kabla bushi haijatoboka. Kadhalika, gurudumu jipya la meno likifungwa kwenye mnyororo uliorefuka, meno yake hayakai mahali pake na huisha upesi.

Ikiwa kazi inafanyika mashine ikiwa nzima, betri ifunguliwe, na waya wa kurudisha umeme ufungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Ukifungwa mbali, umeme hupita katika beringi na kuziunguza.

Wajibu wa katibu ni kuhakikisha kwamba vipimo vinachukuliwa kila matengenezo na kuandikwa daftarini pamoja na saa za kazi, kisha kulinganishwa na mipaka iliyomo katika kitabu cha mtengenezaji. Kamati yenye vipimo hukata shauri mapema. Isiyo navyo husubiri mnyororo ukatike shambani, na wanachama hulipia vyote kwa mkupuo mmoja.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini vijiti vyenye unyevu ni hasara kwa chama?
2. Ni sehemu zipi kuchomelea hakuzifai, na dawa yake ni ipi?
3. Je, vipimo vya mwisho vya mashine ya chama vimeandikwa wapi?