Sahani Iliyoliwa Upande Mmoja

Babu amemaliza kula. Upande wa kulia wa sahani imebaki miba mitupu ya changu. Upande wa kushoto wali haujaguswa, naye analalamika kuwa leo amepunjwa. Izungusheni sahani hiyo. Akianza kula upya kama aliyeletewa chakula cha pili, msimsimange kwamba amerudia utoto, wala msikimbilie kumnunulia miwani. Huenda macho yake ni mazima kabisa.

Jicho hupokea mwanga tu. Anayeona ni ubongo, hasa sehemu yake ya nyuma, usawa wa kisogo. Ubongo wa kulia huona vilivyo kushoto, na wa kushoto huona vya kulia. Kiharusi kikiharibu upande mmoja, nusu ya kuona hupotea katika macho yote mawili. Aliyeanguka na bodaboda akapiga kisogo anaweza kupata hali hiyohiyo. Hata mtoto aliyepona malaria ya ubongo anaweza kutoka wodini haoni, ingawa macho yake hayana kasoro. Wengi wao huanza kuona tena baada ya muda.

Mgonjwa mwingine anajua kuwa upande mmoja haoni. Huyu hufundishika: ageuze kichwa mpaka begani kila anapotembea. Mwingine, ubongo wake umeusahau upande wenyewe, tuseme wa kushoto. Ananyoa nusu ya ndevu, anavaa mkono mmoja wa kanzu, na ukimuuliza anasema yuko sawa. Huyu ndiye anayegombana na watu wa nyumbani, na kwa kweli hana kosa. Zungumzeni naye mkiwa kushoto kwake, mguseni mkono ule, fungeni kitambaa chekundu ukingoni mwa sinia upande huo. Ila fimbo na maji ya kunywa viwekeni kulia, avione. Pikipiki asiendeshe, na ufukweni Shangani asishuke peke yake.

Mtu akipoteza nusu ya kuona ghafla, mdomo ukapinda, mkono ukalegea au maneno yakamkwama, mpelekeni hospitali ya Ligula saa hiyohiyo, hata dalili zikitoweka. Msimpe chai, atapaliwa; wala aspirini, maana kama mshipa umepasuka damu itazidi kuvuja. Kumbukeni saa ilipoanza, daktari ataiuliza.

Utafiti uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam, 2003 hadi 2006, ulikuta kiharusi kingi zaidi mjini kuliko vijijini. Presha ndiyo chanzo kikubwa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kila mara, mwone daktari, na dawa atakazoandika zinywewe hata siku ambayo kichwa hakiumi.